Mashine ya kusikiliza mwamba: inasikia nini, na haisikii nini?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa shimo la tanzanaiti Mirerani, familia yangu iko Arusha mjini. Tumefika kama mita 280 kwenda chini. Miezi miwili hii vijana wanasema ukuta wa upande mmoja 'unaongea': unatoa mlio kama kuni kavu inayokatika, hasa baada ya baruti. Upande wa pili ni kimya kabisa, na sasa wote wanataka kufanya kazi huko. Tulipeleka maabara mawe mawili ya ukuta unaoongea. Ripoti inasema yote yanahimili kubanwa kwa megapaskali 100 (kipimo cha mkazo), lakini kuvutwa moja ni 8.7 na jingine 3.9, na kipimo cha wepesi wa kuvunjika ni 11 na 25. Amejitokeza muuzaji wa mashine ya kusikiliza milio ya mwamba, kihisi kimoja na kisanduku chake, milioni 18. Alitufanyia jaribio mjini: alibana jiwe kwa jeki, mashine ikahesabu milio kibao. Akalegeza, akabana tena hadi kiwango kilekile, mashine ikanyamaza. Akasema jiwe sasa limetulia. Anasema jiwe la 25 ndilo la hatari na mashine itatuonya kabla halijaanguka. Tununue? Na huu mwamba mkavu, kama mafundi wetu wanavyouita, unapimwaje hasa?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili lakini wasiwasi ni mmoja: ukuta ukishuka watu wakiwa chini, nani atajua kwanza?

Kuhusu mashine, kwa sasa msinunue. Ila lipo jambo la haraka kuliko mashine. Vijana wako wamehamia upande wa kimya kwa kuamini kwamba kimya ni usalama. Watoe huko kwanza, upande ule ukaguliwe kwa mtaimbo na kwa macho, ndipo uendelee kusoma. Sababu nitaieleza, na ni ndefu kidogo.

Nianze na hilo neno la mafundi wako, mwamba mkavu. Nalipenda kuliko maneno tunayotumia darasani. Ukavu huu hauhusiani na maji, ni ukavu wa kuni. Tawi kavu la mbuni ukilikunja linakatika pa! Mgomba ukiusukuma unainama, nyuzi zinachanika polepole, mwisho unalala chini na jirani hajasikia kitu. Vyote viwili vimevunjika. Kinachovitofautisha ni kipindi kati ya kuanza kushindwa na kushindwa kabisa. Mgomba unacho kipindi hicho, tena kirefu; tawi kavu halina, au linacho kifupi mno.

Watu huchanganya hapa mambo matatu. Ugumu ni jiwe kukataa kukwaruzwa. Nguvu ni mzigo ambao jiwe linaubeba kabla halijashindwa. Ukavu ni namna linavyoshindwa. Chaki ya mwalimu ni dhaifu, unaivunja kwa vidole viwili, na bado ni kavu kabisa. Nondo ina nguvu kuliko chaki mara nyingi sana na si kavu hata kidogo, inapinda tu. Kwa hiyo mtu akikwambia jiwe hili ni kavu, hajakwambia kama litaanguka kesho. Amekwambia kwamba siku likianguka halitakupa muda mrefu.

Sasa ndani ya jiwe kuna nini? Mwamba wowote, hata unaoonekana mzima, una nyufa ndogo kati ya chembe na chembe. Ukianza kuubana, kwanza nyufa zilizokuwa wazi zinafumba. Kisha jiwe linajibana kama springi: ukilegeza, linarudi lilivyokuwa. Mzigo ukifika kati ya asilimia 30 na 50 ya ule wa mwisho, nyufa mpya zinaanza kuzaliwa, moja hapa, nyingine pale, bila kuhusiana. Kwenye asilimia 70 hadi 80 zinaanza kutafutana na kuungana, na baada ya hapo jiwe limeshaamua. Kila ufa unaozaliwa au kurefuka unaachia nishati kidogo ghafla, na sehemu ya nishati hiyo inasafiri ndani ya jiwe kama wimbi. Wimbi hilo ndilo mlio. Wataalamu wanaliita emisheni akustika. Mimi nitaendelea kusema milio.

Milio mingi ya aina hii hatuisikii. Sikio la binadamu zima linaishia kilohezi 20, yaani mitetemo elfu 20 kwa sekunde, wakati nyufa ndogo za maabara hupiga kwenye mamia ya kilohezi. Unachokisikia shimoni, ule mkatiko wa kuni, ni nyufa kubwa zaidi, za sentimita nyingi au hata za mita. Elimu hii yenyewe ilianzia mgodini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Leonard Obert wa Ofisi ya Migodi ya Marekani alikuwa anapima mwendo wa mawimbi kwenye nguzo za mwamba chini ya ardhi, vyombo vyake vikawa vinanasa milio ambayo hakuitengeneza yeye. Mwamba ulikuwa unajisemea. Yeye na mwenzake Wilbur Duvall wakaanza kuihesabu wakitumaini kutabiri maporomoko. Karibu miaka 90 imepita, vyombo ni bora mara elfu, na bado hakuna mtu mkweli anayekuahidi siku na saa ya mwamba kushuka. Muuzaji wako anaahidi.

Turudi kwenye kupima ukavu, maana hapo ndipo ripoti yenu inapowachanganya. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Viko vingi, na havikubaliani. Cha bei rahisi, na ndicho mlichopewa, ni kugawanya uwezo wa jiwe kuhimili kubanwa kwa uwezo wake wa kuhimili kuvutwa. Mia moja gawanya kwa 8.7 ni kama 11. Mia moja gawanya kwa 3.9 ni kama 25. Basi. Namba hizo mbili hazina siri nyingine.

Lakini hiyo 3.9 imetoka wapi? Kuvuta jiwe moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa hiyo maabara hukata kisahani na kukibana ubavuni mpaka kipasuke katikati. Mpasuko huo ni wa kuvutwa. Kwa kisahani cha kipenyo cha milimita 54 na unene wa milimita 27, mzigo wa kilonyutoni 20 (uzito wa kama tani mbili) unatoa megapaskali 8.7. Mzigo wa kilonyutoni 9 unatoa 3.9. Mwamba wenu ni naisi, aina ya mwamba yenye matabaka, na katikati ya matabaka kuna kinywe, yaani grafaiti, madini meusi yanayoteleza. Ukikiweka kisahani mpasuko ukate matabaka, jiwe linapigana. Ukikizungusha mpasuko ufuate tabaka, linafunguka kama kitabu. Nina hakika kubwa kwamba hizo ni sampuli za mwamba uleule zilizobanwa kwa mielekeo tofauti. Jiwe la 25 halijawa kavu mara mbili ya mwenzake, limepasuliwa kwenye udhaifu wake tu. Kipimo hiki kina kasoro hiyo ya kuchekesha: kadiri jiwe linavyokuwa dhaifu kwa kuvutwa, ndivyo kinavyolisifu kwa ukavu. Mimi nikipata ripoti ya namna hii isiyotaja mwelekeo wa matabaka, naiweka pembeni na kumpigia fundi wa maabara simu.

Vipo vingine. Wachimba mafuta wanatazama jinsi mwamba unavyojibana na kutanuka ubavuni, au wanahesabu una kwatsi kiasi gani dhidi ya udongo. Kinachonishawishi zaidi ni cha nishati: unabana sampuli hadi kilele, yaani mzigo mkubwa kabisa inaoweza kubeba, unaendelea kubana baada ya kilele, na unatazama nini kinatokea. Nieleze hili vizuri kwa sababu ndilo moyo wa habari.

Jiwe linalobanwa linahifadhi nishati kama mpira wa manati uliovutwa. Likianza kuvunjika, kupasua nyufa kunakula nishati. Kama nishati inayohitajika kumaliza mpasuko ni kubwa kuliko iliyohifadhiwa, lazima uendelee kusukuma, na ukiacha, mpasuko unasimama. Huo ni mwamba usio mkavu sana, unakupa nafasi. Lakini kama nishati iliyohifadhiwa inatosha na kuzidi, mpasuko unajiendesha wenyewe mpaka mwisho, na ile ziada inarusha vipande. Huo ndio mwamba mkavu kwa maana halisi. Kwenye migodi mirefu sana, kama ile ya dhahabu ya Afrika Kusini inayopita kilomita 3, ziada hiyo ndiyo inayolipua kuta na kuua watu.

Tatizo ni kwamba kupima hivyo kunataka mashine ngumu, isiyojipinda. Mashine nyingi za kuvunjia vitalu vya zege mnazoziona kwenye maabara za ujenzi zinajipinda zenyewe zinapobana, kwa hiyo nazo ni manati. Jiwe likifika kilele, mashine inarudi kwa nguvu na kulisaga papo hapo. Unasikia mlipuko, unasema "lo, jiwe kavu hili!", kumbe nusu ya kishindo ni ya mashine. Kwa kupata nguvu ya kubanwa mashine hizo zinafaa. Kwa ukavu, hapana.

Sasa, uhusiano wa ukavu na milio. Watu wengi, hata wahandisi, hudhani mwamba ukiwa mkavu zaidi utalia zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo utakuonya vizuri zaidi. Mara nyingi ni kinyume. Mwaka 1962 Kiyoo Mogi wa Japani alionyesha maabara kwamba kinachoamua milio ya utangulizi ni mchanganyiko wa jiwe. Kitu cha aina moja kisicho na dosari, kama kioo, kinanyamaza mpaka dakika ya mwisho, kisha kinakwenda chote. Mwamba wenye chembe tofauti na nyufa za wastani unatoa milio ya kutangulia inayoongezeka kuelekea kuvunjika. Na mwamba uliochanika sana unalia-lia muda wote bila kilele cha kueleweka. Kwa hiyo mwamba mkavu kupindukia ndio unaoweza kukunyima onyo, na ule unaopiga kelele kila siku unaweza kuendelea miezi bila kushuka. Ukihesabu milio peke yake, bila kuangalia inaongezeka au inapungua, mikubwa inazidi midogo au la, na inatoka wapi, umehesabu tu.

Ndiyo maana lile jaribio la jeki lilinikera. Jiwe kunyamaza mara ya pili ni jambo linalojulikana tangu 1950, Joseph Kaiser alipoliandika Munich katika tasnifu yake ya udaktari, akifanya kazi na metali hasa. Kitu kilichobanwa kinakumbuka. Nyufa zilizopaswa kuzaliwa kwa mzigo ule zimeshazaliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mara ya pili kimya, mpaka upite kiwango cha awali ndipo milio inaanza tena. Jiwe la muuzaji halikutulia. Lilikuwa limeumia zaidi kuliko lilipotoka kwenye mfuko wake, na limenyamaza kwa sababu hakuna aliyelizidishia mzigo. Kama angeongeza jeki kidogo tu mngesikia. Sijui kama alifanya kwa kutojua au kwa kujua. Wewe ulikuwepo, utaamua.

Na ukuta wenu wa kimya? Hapo ndipo kinywe kinapoingia, hichohicho kinachowatoa vijana shimoni wamepakwa rangi ya kung'aa kama penseli. Mabamba mawili ya mwamba wa kawaida yanayogusana yanang'ang'aniana: msuguano wake kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 0.85. Maana yake bamba lililolala juu ya jingine linashikilia mpaka mteremko upite nyuzi 31, hata 40. Kinywe safi kina msuguano wa kama 0.1 tu, na kwa hesabu hiyohiyo bamba linateleza kwenye mteremko wa nyuzi 6. Kwenye shimo lenu kinywe hakiko safi kila mahali, kwa hiyo ukweli uko katikati, lakini unaona upepo unavuma kuelekea wapi. Tena kuteleza juu ya kinywe hakuvunji chochote. Hakuna ufa unaozaliwa, hakuna nishati inayoachiwa ghafla, hakuna mlio, ni kama sabuni juu ya kigae. Nilipokuwa kijana niliona bamba la ukubwa wa mlango wa lori likishuka hivyo kwenye mgodi mmoja. Hakuna aliyesikia kitu mpaka lilipogonga sakafu. Aliyekuwa akifanya kazi pale alikuwa ameondoka kwenda kunywa maji.

Upande wenu unaoongea huenda matabaka yanaingia ndani ya ukuta, kwa hiyo mwamba unalazimika kuvunjika ili ushuke, na kuvunjika kuna sauti. Upande wa kimya huenda matabaka yanateremkia ndani ya njia mnayopita. Nasema huenda kwa sababu sijauona. Lakini wewe unaweza kuuona leo: shika dira, au hata ubao na kamba yenye jiwe, pima matabaka yanalala kuelekea wapi na kwa mteremko gani. Yakiteremkia kwenu na kuna kinywe katikati, hapo si mahali pa kusimama bila matimba, yaani magogo ya kushikilia mwamba.

Tufanye pia hesabu ya mzigo, maana inasaidia kujua mlio upi ni wa kuogopa. Mwamba wa juu yenu una uzito unaoongeza kama megapaskali 0.027 kwa kila mita. Kwa mita 280 ni kama 7.6. Ukichimba njia ya duara, mkazo kwenye ukingo wake unaweza kufika mara tatu ya hapo, tuseme 23. Mwamba wenu wa 100 unaanza kuzaa nyufa mpya kati ya 30 na 50. Kwa hiyo njia ya kawaida, kwenye mwamba mzima, haina mzigo wa kutosha kuufanya utoe milio. Mingi ya milio mnayoisikia baada ya baruti ni mawe yaliyolegezwa na baruti yenyewe yakitafuta pa kukaa. Ila angalia mambo mawili. La kwanza, hiyo 100 ni ya sampuli ndogo nzima. Mwamba wenye matabaka yaliyoinama vibaya unaweza kushindwa kwa chini ya nusu ya hapo. La pili ni nguzo za mwamba mnazoziacha. Mkichimba robo tatu ya eneo na kuacha robo, nguzo zinabeba mara nne: megapaskali 30, na tayari mko mlangoni. Na ninyi watu wa Mirerani mnajua mitobozano. Ukuta unaoudhani ni wa mita 10 unaweza kuwa wa mita 2 kwa sababu jirani amekuja kutoka upande wake bila kukuaga. Mlio kutoka kwenye nguzo, au kwenye ukuta unaotenganisha na jirani, ni wa daraja jingine kabisa. Huo usiufananishe na mkatiko wa kawaida wa baada ya baruti.

Baada ya baruti milio ina tabia inayofanana na mitetemo inayofuata tetemeko la ardhi, ambayo Omori wa Japani aliieleza mwaka 1894: mingi mwanzoni, kisha inapungua haraka, kisha inapungua taratibu. Hili mnaweza kulitumia bila mashine yoyote. Hewa ikishasafika, watu wawili wenye uzoefu wakae mahali salama, kompresa imezimwa, wahesabu milio ya kila dakika 10 kwenye daftari. Namba zikishuka, huo ni mwendo wa kawaida. Zikigoma kushuka, au zikishuka halafu zikapanda tena bila nyinyi kupiga baruti, hakuna mtu kuingia siku hiyo. Daftari la mwezi mmoja litakufundisha ukuta wako kuliko mimi.

Basi mashine yenyewe. Kihisi kimoja kinakwambia kuna mlio, hakikwambii uko wapi. Kupata mahali panapolia kunahitaji vihisi visivyopungua vinne vilivyotawanywa pande tofauti. Kama ni kihisi cha aina ya maabara, cha kilohezi 150 hivi, wimbi lake ndani ya mwamba lina urefu wa kama sentimita 3, na kila ufa ulio wazi unalizuia. Kwenye ukuta uliopigwa baruti mara mia, kitasikia mita chache tu kuzunguka kilipobandikwa. Vihisi vya masafa ya chini, chini ya kilohezi chache, vinasikia mbali zaidi, na ndivyo migodi mikubwa inavyotumia kwa makumi, vikiwa na mtu wa kuvisoma kila siku. Kwenu kuna winchi, pampu, kuchoronga, na mashimo ya jirani yanayolipua bila ratiba. Kisanduku kitahesabu vyote. Wiki ya kwanza kitapiga kengele mara arobaini, wiki ya pili vijana watakizima. Sisemi hivyo kwa kuwadharau, ningekizima na mimi.

Sikatai teknolojia. Siku wamiliki wa mashimo kadhaa yanayopakana wakikubaliana kuweka mtandao mmoja wa vihisi na kumlipa mtaalamu mmoja wa kuusoma, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono, hasa kwa ajili ya nguzo na mitobozano. Hata hivyo mtandao huo ungebaki kiziwi kwa bamba linaloteleza juu ya kinywe.

Kwa bamba hilo mnahitaji kitu kinachoona mwendo, na vitu hivyo ni rahisi. Gandisha kipande cha kioo cha dirisha kwa saruji kuvuka ufa mnaoutilia shaka, uandike tarehe. Kikipasuka, ufa umetembea. Pigilia misumari miwili ya chuma kuta mbili zinazotazamana, pima umbali wake kila asubuhi kwa fimbo ileile ya kupimia, na usikubali mtu mwingine aje na futi yake. Gonga paa kwa mtaimbo kabla ya kila zamu: mwamba ulioshikana unarudisha sauti kali, ulioachia unarudisha sauti ya debe tupu, na ulioachia huangushwa mtu akiwa amesimama upande, si chini yake. Na weka matimba. Wachimbaji wa zamani katika nchi nyingi waliyapendelea kuliko nguzo za chuma kwa sababu mti wenye nyuzi ndefu unalia muda mrefu kabla ya kukatika. Mwamba wa kinywe haulii. Timba lililo chini yake linalia kwa niaba yake. Sehemu ya zile milioni 18 ningeipeleka huko bila kuwaza mara mbili.

Sehemu nyingine ingeenda kwenye kupima upya, kwa utaratibu. Desturi ni sampuli angalau 5 za kubanwa na kama 10 za kupasuliwa, kwa kila mwelekeo wa matabaka, si jiwe moja moja. Mkiwa na haraka, kipo kipimo cha kubana jiwe kwa ncha mbili, kinachobebeka hadi mgodini. Hakina usahihi mkubwa lakini kinatenganisha mwamba mzuri na mbaya kwa siku moja. Taasisi ya Jiolojia iliyoko Dodoma ni mahali pa kuuliza, na mashine za kuvunjia zege hapa Arusha na Moshi zinaweza kufanya sehemu ya kubana: sampuli ya kipenyo cha milimita 54 yenye nguvu ya 100 inavunjika kwa kama kilonyutoni 230, mzigo ambao nyingi zinaumudu. Nani anakata sampuli na mashine gani, hilo liulizeni kabla ya kulipa.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi na mtu lazima afike. Kama kuna nguzo inayomwaga vipande vyembamba ubavuni, kama matimba yamepinda au yamezama kwenye sakafu, kama maji yametokea mahali palipokuwa pakavu, au kama mnasikia kuchoronga kwa jirani kupitia ukuta, toeni watu na mwiteni mkaguzi kutoka ofisi ya madini hapo Mirerani, pamoja na mhandisi wa migodi atakayeshuka mwenyewe. Atakayetoa ushauri akiwa amesimama juu kwenye kivuli, mlipeni nauli aondoke. Na mlio ukiongezeka ghafla katikati ya zamu, msimpigie mtu yeyote simu kwanza. Tokeni.

Mkikata mawe mapya, kabla hayajang'oka ukutani chora kwa rangi mshale unaoelekea juu na mstari unaofuata matabaka, andika upande wa ukuta na tarehe, kisha piga picha. Mawe ya ukuta wa kimya yawemo safari hii. Ripoti ikitoka nitumie pamoja na picha hizo na kurasa za daftari la milio, nikuambie ile 25 ilikuwa nini hasa.